Mafumbo ya hesabu: utajuaje kama ni mstari au kwadratiki kabla hujaandika x

Mkuu, umesema mlinganyo ulioandikwa tayari unautatua bila shida, uwe wa mstari au wa kwadratiki, lakini ukipewa fumbo la maneno unakaa nalo muda mrefu hujui pa kuanzia, wala hujui kama litaishia kwenye x ya kawaida au kwenye x². Nimefundisha hesabu hizi wanafunzi wa sekondari kwa miaka mingi, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu ule ushauri wa kila siku wa "soma swali mara tatu, kisha usichokijua kiite x" haumfikishi mtu mbali.

Unachokosa si uwezo wa kutatua. Unautafuta mlinganyo ndani ya sentensi, na sentensi haina mlinganyo. Ina vitu viwili vinavyobadilika pamoja, na kazi ya kwanza ni kuona vinabadilikaje. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawakataza kuandika x kabla hawajatengeneza jedwali dogo kwa namba walizojichagulia wenyewe. Chukua namba yoyote inayoingia akilini, kokotoa matokeo yake, chukua nyingine, kokotoa tena. Ukishaweza kufanya hesabu hiyo kwa 5, kwa 10 na kwa 15, mlinganyo tayari unao: ni hesabu ileile, ila palipokuwa na 5 unaweka x.

Tuanze na fumbo la mstari, maana halina mengi. Tangi moja lina lita 900 na linatoa lita 12 kila dakika. Jingine lina lita 300 na linaingiza lita 8 kila dakika. Baada ya dakika ngapi yatakuwa na maji sawa? Ukiandika jedwali utaona tangi la kwanza linakwenda 900, 888, 876, na la pili 300, 308, 316. Kila dakika inapunguza kiasi kilekile upande mmoja na kuongeza kiasi kilekile upande wa pili. Hiyo ndiyo alama ya mstari: hatua zikiwa sawa, mabadiliko nayo yanakuwa sawa. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili tu, ulichoanza nacho na kinachobadilika kwa kila hatua. 900 − 12t = 300 + 8t, t = 30, na kila tangi litakuwa na lita 540. Maneno kama "kwa kila", "kila saa", "kwa kilomita" mara nyingi ndiyo yanayokuonyesha mteremko, na maneno kama "ada ya kuanzia" au "tayari kuna" yanakuonyesha mahali mstari unapokatia mhimili wima. Usisahau tu kwamba tangi la kwanza linakauka dakika ya 75. Baada ya hapo fomula itaendelea kukupa namba, lakini maji hayapo tena.

Sasa tuje kwenye kwadratiki, ambako ndiko watu wanakopotelea. Una waya wa mita 60 wa kuzungushia eneo la mstatili, na upande mmoja ni ukuta uliopo tayari, kwa hiyo waya unapita pande tatu tu. Tafuta vipimo vitakavyotoa eneo la mita za mraba 400.

Usiandike x. Sema upana uwe mita 5. Pande mbili za upana zinakula mita 10 za waya, zinabaki 50 za urefu, eneo ni 5 × 50 = 250. Upana ukiwa 10, waya unaobaki ni 40, eneo ni 400. Upana 15, urefu 30, eneo 450. Upana 20, urefu 20, eneo 400. Upana 25, urefu 10, eneo 250.

Hapa naomba utulie kidogo, maana hiki ndicho kiini cha jibu langu. Angalia maeneo: 250, 400, 450, 400, 250. Tofauti zake ni 150, 50, −50, −150. Hazilingani, kwa hiyo huu si mstari. Lakini chukua tofauti za hizo tofauti: −100, −100, −100. Zimelingana. Tofauti za kwanza zikilingana una mstari, na tofauti za pili zikilingana una kwadratiki. Kanuni hii haikudanganyi alimradi hatua zako ziwe sawa, kama hapa tulivyopanda kwa tano tano.

Na sababu yake unaiona ukirudia ulichofanya kwa mkono. Kila safari ulizidisha upana kwa urefu, na vyote viwili vilikuwa vinabadilika. Upana ukiongezeka, urefu unapungua. Kitu kinachobadilika kwa mstari kikizidishwa kwa kingine kinachobadilika kwa mstari, x inakutana na x, na hapo ndipo x² inapozaliwa. Kwenye matangi hakukuwa na kitu kama hicho: lita 12 zilikuwa zilezile, zinazidishwa na muda tu. Kwa hiyo unaposoma fumbo jiulize: kuna mahali ninapozidisha vitu viwili ambavyo vyote vinategemea x? Kama vipo, tegemea kwadratiki. Maeneo yako hivyo. Mapato yako hivyo, kwa sababu ni bei mara idadi ya wanunuzi, na bei ikipanda idadi inashuka.

Ukirudi kwenye jedwali, hesabu uliyoirudia ni upana mara (60 toa upana mara mbili). Basi x(60 − 2x) = 400, ukiipanga vizuri inakuwa x² − 30x + 200 = 0, majibu ni 10 na 20. Yote mawili ni sahihi! Mstatili wa mita 10 kwa 40 na mraba wa mita 20 kwa 20 vyote vinatumia waya wa mita 60 na vyote vina eneo la 400. Nalisisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi wamekariri kwamba kwadratiki ina jibu moja zuri na moja la kutupa. Hakuna sheria kama hiyo. Anayeamua jibu libaki au liondoke ni fumbo lenyewe.

Swali likibadilika na kutaka eneo la 500, utapata x² − 30x + 250 = 0. Kokotoa b² − 4ac (a, b na c ni namba za mlinganyo ax² + bx + c = 0): 900 − 1000 = −100. Hakuna namba halisi inayofaa. Wengi wakifika hapa wanafuta kila kitu wakidhani wamekosea, ilhali jedwali lilishasema: eneo halikuvuka 450. Jibu la fumbo hilo ni kwamba waya huo hautoshi, na hilo ni jibu kamili. Ukiulizwa eneo kubwa kabisa, tafuta mahali ambapo eneo ni sifuri, yaani upana 0 na upana 30, kisha chukua katikati yake: 15. Grafu ya kwadratiki ina ulinganifu, kwa hiyo kilele kinakaa katikati ya sehemu mbili inapokata mhimili wa x. Kanuni ya −b/2a inasema jambo hilohilo kwa herufi.

Kuhusu majibu hasi, nina mfano mmoja ninaoupenda sana. Mpira unarushwa juu kutoka kwenye paa lenye urefu wa mita 25, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Tukichukua mvutano wa dunia kuwa 10 ili hesabu iwe nyepesi (thamani ya karibu zaidi ni 9.8), na tukiacha upinzani wa hewa, urefu wake baada ya sekunde t ni 25 + 20t − 5t². Utagonga ardhi lini? Weka sifuri, gawanya kwa 5, unapata t² − 4t − 5 = 0, na majibu ni 5 na −1.

Tunachukua 5 na kuiacha −1, sawa. Lakini −1 si takataka. Mlinganyo haujui kwamba ulianza kuhesabu muda pale mpira ulipotoka mkononi. Unaeleza njia nzima ya mwendo, hata sehemu ambayo haikutokea. Inachosema ni kwamba kama mpira ungerushwa kutoka ardhini sekunde moja kabla, kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, ungepita pale juu ya paa ukiwa na kasi ya 20 hasa, na toka hapo safari yake ingekuwa ileile. Mwanafunzi akilielewa hili, haachi jibu kwa sababu lina alama ya kutoa. Analiacha kwa sababu fumbo linaanza t = 0. Tazama pia kilele: katikati ya −1 na 5 ni 2, na sekunde ya 2 mpira uko mita 45. Lile jibu tuliloliacha bado limetusaidia kupata kilele.

Kuna aina ya fumbo inayowachanganya hata wanaojiamini, kwa sababu maneno yake yanasikika ya mstari. Gari limesafiri kilomita 240. Kama lingeongeza kasi kwa kilomita 20 kwa saa, lingefika saa moja mapema. Kasi yake ni ipi? Kila kitu hapa ni cha "kwa saa", na unaweza kudhani ni mstari. Fanya jedwali la muda: kasi 40, saa 6, kasi 60, saa 4, kasi 80, saa 3. Tofauti ni −2 kisha −1, hazilingani. Ukiongeza safu zaidi, hata tofauti za pili hazitalingana. Jedwali linakuambia kwamba muda si mstari wala kwadratiki dhidi ya kasi, kwa sababu unagawanya kwa x. Unaandika 240/x − 240/(x + 20) = 1, unaondoa sehemu kwa kuzidisha kote, na ndipo x² inajitokeza: x² + 20x − 4800 = 0, majibu 60 na −80. Kasi ni 60. Na kama ulikuwa makini na jedwali, jibu ulishaliona: kutoka 60 kwenda 80 saa zilipungua kutoka 4 hadi 3.

Fumbo la bei ninalitaja kwa kifupi, maana kosa lake ni moja tu: kuchagua x vibaya. Tiketi ikiuzwa 100 wanakuja watu 80, na kila bei ikipanda kwa 5 wanapungua watu 2. Bei gani italeta mapato makubwa kabisa? Ukiita bei x utahangaika na sehemu. Ita x idadi ya mara bei ilipopandishwa, na mapato ni (100 + 5x)(80 − 2x). Yanakuwa sifuri x ikiwa −20 au 40, katikati yake ni 10, kwa hiyo bei bora ni 150, watu 60, mapato 9000. Soma tena swali uone limeuliza nini, kwa sababu 10 si bei.

Wewe pia umeuliza kwa nini walimu wanang'ang'ania mafumbo wakati herufi ni rahisi zaidi. Mafumbo yalitangulia herufi. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, hakuwa na x. Aliandika kwa maneno matupu: mraba mmoja pamoja na mara kumi ya upande wake ni 39. Alichora mraba, akaubandika mistatili miwili yenye upana wa 5 ubavuni, akaona pembe inayokosekana ina eneo la 25, akajumlisha 39 na 25 kupata 64, upande wa mraba mkubwa ukawa 8, akatoa 5, akabaki na 3. Hiyo ndiyo tunayoiita leo kukamilisha mraba. Jibu la pili, −13, hakulitaja, kwa sababu alichokuwa anatafuta ni urefu wa upande.

Kwa mazoezi, geuza kazi. Chukua mlinganyo unaoujua, mathalani x(x + 3) = 40, na uutungie fumbo lako ambalo jibu lake ni 5 na ambalo −8 haina nafasi ndani yake. Kisha tunga jingine ambamo majibu yote mawili yanakubalika. Hilo la pili ni gumu zaidi, na litakulazimisha kufikiria x yako inasimamia nini. Ukikwama kwenye fumbo lolote uliloletewa shuleni, liweke hapa pamoja na safu tatu za jedwali lako, nami nitaanzia ulipoishia.