Maswali yenu kuhusu Bwana Blunt na farasi wake

Wiki iliyopita niliwaandikia juu ya Wilfrid Scawen Blunt (1840–1922), yule bwana mwenye mashamba wa Sussex, Uingereza, aliyezalisha farasi wa Kiarabu pale Crabbet Park. Meseji zimekuja nyingi, nimeokota hizi chache.

Huyu mzungu hela za kwenda jangwani kununua farasi alizitoa wapi?

Kwao walikuwa watu wa ardhi tangu zamani. Akiwa na miaka 18 aliingia kazi ya ubalozi, akazunguka nchi za watu mpaka 1869 alipooa ndo akaacha kazi, halafu 1872 kaka yake akafariki na Crabbet ikawa yake. Ila tusidanganyane, na mke naye aliingia na chake. Lady Anne alikuwa mjukuu wa mshairi Lord Byron, na mama yake ndo Ada Lovelace, yule mnayemtaja kila siku nyie watu wa kompyuta.

Nimesikia mjuzi wa farasi alikuwa mke, mume kabeba sifa tu. Kweli?

Hili swali nilikuwa nalisubiri. Mwisho wa 1877 walienda wote Aleppo, Syria, wakakaa na Mabedui kandokando ya mto Frati, mwaka uliofuata wakatoka Damascus wakakata jangwa la Nafud mpaka Hail, katikati ya Uarabuni, kwa amiri Ibn Rashid, na mwanamke wa tabaka lile kupanda ngamia na kulala hemani kipindi kile halikuwa jambo dogo. Sasa Anne ndo aliyejifunza Kiarabu sawasawa, ndo aliyekuwa anaandika kila siku, anachora, anauliza farasi huyu mama yake nani na bibi yake nani, maana Mabedui ukoo wa farasi wanauhesabu kwa mama. Vitabu viwili vya safari hizo vina jina lake, ingawa mume alivipitia na kuvihariri. Farasi wa kwanza walifika Crabbet Julai 1878. Mzee yeye alikuwa na nadharia zake, mojawapo eti farasi wa jangwani asidekezwe, na hiyo ni kwenye baridi ya Uingereza bana! Simnyimi haki yake, jicho la farasi alikuwa nalo na 1889 walipata dume moja la hatari kutoka Misri, Mesaoud, kwa mfugaji Ali Pasha Sherif, na damu ya Mesaoud imesambaa dunia nzima. Lakini ukiniuliza mimi, bila Anne pale pangekuwa na banda la farasi wazuri basi, zile kumbukumbu za koo ndo zilizoifanya Crabbet iwe Crabbet.

Huku Oman farasi safi tunamwita asil. Wao walitumia neno gani?

Hilohilo. Na sisi tunalo pia, asili, kama tulivyo na farasi yenyewe kutoka Kiarabu.

Kwa nini waliachana?

Wanawake. Jamaa alikuwa mshairi na hakujizuia, na mashairi akawaandikia. Anne alivumilia miaka na miaka, mpaka 1906 mume alipomleta mpenzi wake Dorothy Carleton akae nyumbani, hapo akasema basi. Talaka hawakupeana, wakagawana farasi. Anne akawa anaishi zaidi Sheykh Obeyd, shamba lao la karibu na Cairo walilonunua 1882, na huko Cairo ndo alifariki Desemba 1917.

Na watoto?

Aliyekua ni mmoja tu, Judith, wa 1873, wengine hawakuishi. Mama alipofariki, farasi wake alikuwa amewaachia wajukuu chini ya udhamini, mzee akadai ni wake, basi baba na binti wakafikishana mahakamani, na 1920 mzee akashindwa. Fikiria uzee wa miaka 80 unaumalizia kwa kesi na mwanao wa pekee kisa farasi! Judith naye hakuwa mtu mwepesi, tusije tukamfanya malaika. Ila kazi aliijua, mwaka huohuo akanunua dume jeupe la uzao wa Poland, Skowronek, wenye msimamo mkali wa damu safi ya jangwani wakanung'unika, yeye akaendelea zake, na 1926 akamuuzia farasi Kellogg, ndiyo, huyohuyo wa konifleksi. Alifariki 1957.

Blunt alisilimu?

Hapana. Alilelewa Mkatoliki, imani ikamyumba, Uislamu aliupenda na kuutetea, 1882 alisimama na Urabi, kiongozi wa uasi wa Misri, dhidi ya serikali yake mwenyewe. Na 1888 alifungwa jela Ireland kwa kuwatetea wapangaji wa ardhi. Alizikwa msituni kwenye shamba lake la Newbuildings, bila jeneza, kaviringishwa kwenye zulia lake la safari.

Crabbet ipo bado?

Nyumba ipo, farasi hawapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara kuu ya M23 ilikatiza shambani, farasi wakauzwa. Kitu kingine chenye jina la familia ni fidla ya Stradivari ya 1721 ambayo Anne aliimiliki, mpaka leo inaitwa Lady Blunt, 2011 iliuzwa karibu dola milioni 16 kusaidia waliopigwa na tsunami Japani. Kumbe na fidla alipiga.