Sanduku limepotea Istanbul: msikatishe safari

Dada, pole sana. Sanduku halijafika, mumeo kachomolewa simu kwenye tramu, na hamjamaliza hata siku mbili Istanbul. Naelewa unavyotaka kurudi Dar. Mimi ningebaki.

Kama hamjaandikisha upotevu kwenye dawati la mizigo uwanjani, nendeni leo mpewe namba ya kufuatilia. Mswaki, nguo za ndani, sweta mnazonunua sasa, tunza risiti zote. Sanduku likifika, madai ya kucheleweshewa mzigo lazima yawe kwa maandishi ndani ya siku 21. Laini ya mumeo ifungwe leo leo, isije pesa ya kwenye simu ikaliwa.

Hao marafiki mliosafiri nao msiwaburute kwenye foleni zenu. Waende kasri la Topkapı (Jumanne hufungwa), jioni mkutane gatini Eminönü mpande feri ya kawaida kwenda Üsküdar, ng'ambo ya maji. Kadi ileile ya tramu inalipia. Simameni nyuma ya feri: msikiti wa Süleymaniye na minara yake vyote mnaviona jua likizama, na chai inauzwa humo humo kwenye bilauri ndogo. Meli za watalii achaneni nazo, bei yake ni ya kuumiza.

Marafiki wakiwakopesha hela, andikeni kiasi na siku ya kulipa, hata kama wanacheka.