Unaenda London na unataka kuona The Lion King? Usilipe kwanza

Hapa Bagamoyo habari ya safari haifichiki. Mtu akialikwa na mwanawe anayesoma Uingereza, kabla hajafika Dar kuchukuliwa alama za vidole, Dunda nzima imeshajua na wengine wameshaagiza viatu. Nami tangu nirudi kutoka kwa dada yangu huko Uingereza, kila anayejiandaa kwenda huja na swali lilelile: lile onyesho la Simba ulilotusimulia, tiketi yake naipataje?

Jibu langu la kwanza huwa linawaudhi. Nawaambia wasubiri. The Lion King, onyesho la nyimbo kuhusu mwana wa mfalme wa simba aitwaye Simba, iko katika ukumbi wa Lyceum tangu Oktoba 1999. Walioletwa na wazazi wao siku hizo, leo wanaleta watoto wao. Haiondoki Jumamosi ijayo. Onyesho linalodumu kiasi hiki lina neema yake kwa sisi tunaotoka mbali: unachagua siku, unachagua kiti, unachagua hata bei. Sasa kwa nini uligombanie kama khanga mpya iliyotua leo dukani?

Viza ndiyo ya kwanza. Mtanzania anaomba viza ya mgeni mtandaoni, anakwenda Dar kutoa alama za vidole, na majibu kwa kawaida huja kama wiki 3 baadaye, wakati mwingine zaidi. Tiketi za maonyesho kwa kawaida hazirudishiwi pesa, kwa hiyo kulipa kabla ya viza ni kuzitupa baharini. Na msidanganyane kwamba tiketi inayapendezesha maombi. Afisa anataka kuona kipato chako, nani anagharimia safari, na nini kitakurudisha nyumbani. Mambo ya Simba hayamhusu.

Ukishapata viza, jiulize kama kweli ni hilo unalolitaka. London ina maonyesho mengine ya nyimbo yaliyoota mizizi. Les Misérables ilianza 1985, The Phantom of the Opera 1986, na yote mawili yapo hadi leo. Kwa anayekifuata Kiingereza vizuri, yana raha yake. Lakini Les Misérables huimbwa karibu mwanzo hadi mwisho, inakaribia saa 3, na kisa chake ni cha Ufaransa ya karne ya 19, kina majina mengi na vifo vingi. Ukimpeleka bibi aliyetoka Kaole juzi, atalala, na hatakuwa na kosa. The Lion King inaeleweka kwa macho. Hata neno moja usilishike, utajua nani kaonewa na nani mnafiki.

Kuna sababu nyingine ya kuipendelea, na hii ni ya kwetu. Watu wa Bagamoyo tumelelewa na ngoma. Chuo cha Sanaa kipo hapa tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, na tamasha lake limetuzoesha kumtazama mchezaji kwa jicho la kudai. Anayejua mapiko ya Wamakonde anajua kwamba mchezaji hufichwa kabisa nyuma ya kinyago, hata mtoto asimtambue mjomba wake. Julie Taymor, aliyeliongoza onyesho hili lilipozaliwa Marekani 1997, alifanya kinyume. Kinyago cha Mufasa, baba yake Simba, kinakaa juu ya kichwa, uso wa mwigizaji uko wazi chini yake, na unawaona simba na mtu kwa pamoja. Twiga ni mtu aliyesimama juu ya magongo manne, miguuni na mikononi. Hakuna wanachokuficha, na bado unaamini. Kazi hiyo ilimpa Taymor tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya Marekani, ya uongozaji mwaka 1998, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata kwa onyesho la muziki. Mimi niliyekulia kwenye ngoma nilikwenda nikiwa na kiburi kidogo. Kilinitoka mapema.

Sasa kiti, na hapa naomba mnisikilize sana, maana ndipo pesa zinapopotea.

Lyceum ina ngazi tatu za viti: chini, kati na juu. Watu hudhani chini mbele kabisa ndiko bora kwa kuwa ni ghali. Mimi ningekwepa safu za mwanzo, jukwaa liko juu na utakaa umeinua shingo. Kitu cha kutafuta ni kiti cha chini kilicho pembeni ya njia. Wimbo wa kwanza unapoanza, kwa Kizulu, wanyama hawatokei jukwaani peke yao. Wanapita katikati ya watu, na tembo mzima anakupita ubavuni. Aliyekaa juu anaiona picha nzima, nayo ni nzuri, ila msafara huo anauchungulia tu. Kama pesa haziruhusu, viti vya mbele vya ngazi ya kati ni vizuri sana. Vya juu kabisa ni vya bei nafuu, lakini mteremko ni mkali, nafasi ya magoti ni finyu, na mwenye kizunguzungu asijaribu. Jengo lenyewe ni la 1904, lilijengwa bila mtu kufikiria lifti.

Ukiona kwenye ramani ya viti bei imeshuka ghafla, soma maelezo madogo. Mara nyingi ni kiti chenye nguzo mbele, au kilicho nyuma sana chini ya sakafu ya ghorofa ya juu, kiasi kwamba sehemu ya juu ya jukwaa inakatwa. Kwenye Phantom ni hivyohivyo, kuna taa kubwa ya vioo inayoning'inia juu ya watazamaji, na aliye nyuma kabisa chini anaikosa. Ukimpeleka mzee mwenye magoti mabovu, waandikie ukumbi kabla hujanunua. Wana watu wa kazi hiyo na hujibu.

Bei hupanda na kushuka kama nauli ya sikukuu. Katikati ya wiki ni nafuu kuliko Jumamosi, na shule za Uingereza zikifunga, hasa Krismasi, utalia. Kiti cha juu huweza kuwa pauni 30 na kitu, kizuri cha chini hupita 100. Pauni moja inazidi shilingi 3,000, piga hesabu mwenyewe ukiwa umekaa. Ingia kwenye tovuti ya onyesho au ya ukumbi, kwa sababu matangazo yanayotokea juu kabisa ukitafuta mara nyingi ni ya madalali wanaoongeza chao. Kadi yako ya benki iulizie kwanza kama imefunguliwa malipo ya nje, na hakikisha laini ya simu inayopokea namba ya benki ya kuthibitisha malipo iko hewani. Pale Leicester Square kuna kibanda cha TKTS cha tiketi za punguzo, ni cha kuaminika, lakini usitegemee kumkuta Simba humo kwa bei ya kutupa. Anayekufuata barabarani na tiketi mkononi mpite tu.

Saa. Tiketi ikisema 19:30 ni saa moja na nusu usiku, na wanaanza saa moja na nusu usiku. Sisi tunajuana, ngoma ikitangazwa saa mbili, saa nne mtu ndiyo anaoga. Kule ukichelewa unazuiwa mlangoni hadi watakapoona inafaa kukuingiza, na ule msafara wa wanyama niliousema uko dakika za mwanzo kabisa. Anayeukosa amekosa nusu ya pesa yake. Fika nusu saa kabla. Na usinunue tiketi ya siku unayotua: umelala Doha kwenye kiti, ukumbi una joto na giza, utakoroma.

Kwa tunaoswali, angalia msimu kabla ya kuchagua mchana au jioni. Juni, jua la London linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo Magharibi inakukuta katikati ya kipindi cha pili. Onyesho la mchana, 14:30, ndilo linalokaa vizuri: unaswali Adhuhuri, unaingia, unatoka kama saa kumi na moja, Alasiri iko mbele yako. Desemba mambo yanageuka. Jua linazama kabla ya saa kumi jioni, la mchana linakubana Alasiri na Magharibi pamoja, na la jioni unaingia ukiwa umemaliza hadi Isha. Hili hakuna aliyeniambia, nililipiga hesabu kwenye meza ya dada.

Watoto chini ya miaka 3 hawaingii, na ushauri wa ukumbi ni kuanzia 6. Nakubaliana nao, fisi wale na kifo cha Mufasa si mchezo kwa mdogo. Wapigieni watoto nyimbo nyumbani wiki chache kabla, ndani hawatauliza maswali kila dakika. La kwa nini Simba haongei Kiswahili wataliuliza tu.

Wanacheza mara 8 kwa wiki, kwa hiyo mwigizaji uliyemwona kwenye picha huenda siku yako amepumzika. Usinune. Mbadala wao amefundwa.

Kupiga picha hakuna. Mavazi ni yoyote, ila vaa kitu cha kuvulika. Mapumziko yakifika, akina mama muwahi chooni kabla ya aisikrimu, foleni ile haina huruma.

Kufika, treni ya Piccadilly inatoka Heathrow moja kwa moja hadi Covent Garden, karibu na ukumbi. Panda lifti ya kituo, usishawishiwe na ngazi, ziko 193. Kurudi usiingie hapohapo, maana ukumbi mzima unaelekea huko. Tembea na barabara ya Strand kama dakika 10 hadi Charing Cross. Na kwa wenye watoto wanaosoma Reading, ambao naona mmekuwa wengi, hapo Charing Cross mnapanda treni ya Bakerloo hadi Paddington bila kubadilisha, kisha treni ya Reading. Angalieni mapema ya mwisho inaondoka saa ngapi.