Kufundisha tsunami ukiwa mbali na bahari: anzia kwenye kina

Mwalimu mpya wa Jiografia uliyepangiwa Mbeya, Njombe au Iringa: wengi wa wanafunzi wako hawajaiona bahari, ila wale wa Kyela na Ludewa wanalijua Ziwa Nyasa. Hilo linatosha. Usianze na ile picha ya wimbi lililosimama kama ukuta, maana ikishaingia kichwani haitoki. Mara nyingi tsunami ikifika nchi kavu ni maji yanayojaa na kuendelea kujaa kwa dakika nyingi.

Chanzo kifundishe kwa matetemeko mawili, uyaandike ubaoni sambamba. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la 9.1 karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, liliinua na kushusha sakafu ya bahari kwenye ufa wa zaidi ya kilomita 1,000. Tarehe 11 Aprili 2012, upande huohuo wa bahari, tetemeko la 8.6 halikuleta tsunami kubwa, kwa sababu miamba ilipishana kwa mlalo bila kuyainua maji. Waulize tofauti iko wapi kabla hujawaambia.

Kisha kasi. Zidisha mvutano wa dunia (9.8) kwa kina cha maji kwa mita, utafute kipeuo cha pili: hiyo ni kasi kwa mita kwa sekunde. Kwenye kina cha mita 4,000 utapata karibu 198, yaani kilomita 713 kwa saa. Kwenye mita 10, kilomita 36 tu. Wanafunzi hukosea sana vizio, hivyo wakumbushe kuzidisha kwa 3.6.

Hapa usiishie ubaoni. Mbao za msonobari huku kwetu hazina shida: tengeneza hori la urefu wa mita 3, upana na kimo sentimita 15, ulitandike nailoni nzito. Hakikisha limelala sawa, la sivyo kina kitatofautiana na vipimo vyote vitaharibika. Tia maji sentimita 2, sukuma mara moja kwa kibao kipana, pole, halafu pima muda wa wimbi kwenda na kurudi: karibu sekunde 13.5. Ongeza maji hadi sentimita 8: karibu sekunde 6.8. Kina mara nne, kasi mara mbili. Ukisukuma kwa nguvu, wimbi huwa kubwa mno kwa kina hicho na litaipita hesabu. Ukichezesha kibao mbele na nyuma utapata viwimbi vifupi visivyoifuata kanuni hii.

Sasa rudi 2004. Katikati ya bahari setilaiti ilipima wimbi la takriban sentimita 60, na kwa kuwa urefu wake ulikuwa mamia ya kilomita, meli isingelihisi. Karibu na ufuko sehemu ya mbele hupunguza kasi huku ya nyuma ikiendelea kuja, na maji hayana pa kwenda ila juu. Gawanya umbali wa kutoka Sumatra hadi kwetu, kilomita 6,000 hivi, kwa 713: saa 8.4. Ndiyo maana tetemeko la saa 10 kasoro dakika 2 alfajiri, kwa saa zetu, lilileta mawimbi pwani ya Tanzania mchana, na watu wakafa.

Malizia na Ziwa Nyasa, na hapo usiharakishe. Kina chake kinafika mita 700 hivi, kasi kilomita 298 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kilomita 40 za maji ni dakika 8. Ziwa limelala ndani ya Bonde la Ufa, na Milima ya Livingstone inashuka wima hadi majini, hivyo ufa ukisogea au mlima ukiporomoka maji yanaweza kusukumwa. Onyo la redio haliwezi kuziwahi dakika 8. Mtoto wa Matema, ufukoni mwa ziwa, ajue hivi: ardhi ikitikisika kwa nguvu au muda mrefu, au maji yakirudi nyuma ghafla, apande juu papo hapo, na asishuke baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa zaidi.