Wakubwa wakitaka, mpira unasaidia

Swali la wiki hii: je, michezo inaweza kupatanisha mataifa hasimu? Inaweza, ila pale tu wakubwa wa pande zote mbili wanapokuwa wameshachoka kununiana na wanatafuta kisingizio cha kuzungumza.

Chukueni Marekani na China, Aprili 1971. Kwenye mashindano ya dunia ya mpira wa meza huko Nagoya, Japani, Mmarekani mmoja mwenye nywele ndefu, Glenn Cowan, alipanda basi la timu ya China. Basi zima kimya. Nani angethubutu kuzoeana na Mmarekani? Mwishowe Zhuang Zedong, bingwa wa dunia mara tatu, akainuka kutoka viti vya nyuma, akamsalimia kupitia mkalimani na kumpa kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Cowan akajipekua, akakuta ana kitana tu. Fulana ya kurudisha fadhila aliileta baadaye.

Siku chache tu zikapita, Wamarekani wakaalikwa China. Februari 1972 Rais Nixon akatua Beijing.

Watu husimulia kana kwamba kile kitambaa ndicho kilichomleta Nixon. Hapana. China ilikuwa imeshapigana na Wasovieti mpakani mwaka 1969, na Nixon alikuwa akipenyeza salamu zake kupitia Pakistan. Lakini wananchi walioambiwa kwa miaka 20 na ushei kwamba yule ni adui, utawaanzia wapi? Hapo ndipo vijana wenye vibao vya mpira wa meza walipofaa.

Siasa ikikataa, mchezo haufui dafu. Wakubwa walipotaka, mwaka 1987, Rais Zia-ul-Haq wa Pakistan alikwenda Jaipur, India, kutazama kriketi wakati majeshi yake na ya India yakitazamana mpakani, na joto likapungua. Lakini Septemba 2025 huko Dubai, kriketi hiyohiyo, siasa ilikataa: wachezaji wa India hawakuwapa Wapakistani mkono, na walipotwaa Kombe la Asia walikataa kulipokea kutoka kwa Mohsin Naqvi, kiongozi wa kriketi ya Asia ambaye pia ni waziri wa Pakistan.

Kwa hiyo mimi nachagua ziara za kirafiki kuliko makombe. Kule China wenyeji, waliokuwa wakali kuliko wageni wao kwa mbali, waliwaachia Wamarekani michezo kadhaa, na mwaka uliofuata wao wakaenda kutembezwa Marekani. Kwenye fainali, nani atamwachia mgeni hata seti moja?