Barua kwa mwanangu: ule mpira wa matambara

Mwanangu, salamu kutoka Ujiji, sisi wazima, mvua imeanza na dagaa hawakauki vizuri ila tunaenda hivyo hivyo.

Jana umeniuliza kwenye simu mama ule mpira ulikuwa unatutengenezea vipi, maana umewatengenezea wajukuu zangu wawili na mateke matatu tu umefumuka wote, na mkwe wangu anasema si ununue tu wa dukani yaishe. Kwanza baba nikwambie ukweli, mimi sijawahi kukutengenezea mpira hata siku moja. We na kaka yako ndo mlikuwa mnatengeneza, mi kazi yangu ilikuwa kutoficha matambara. Khanga ikichanika naitupia kwenye lile beseni bovu chini ya mwembe, kesho yake haipo.

Sasa kwa nini wako umefumuka, mi nadhani umeanza na kitu kikubwa. Ndani kabisa anza na kitambaa kidogo kama limao, ukikunje kikaze mpaka kidole kisizame, afu unazungusha kingine juu yake, kila mzunguko unageuza upande, ukizungusha upande mmoja tu unapata kiazi sio mpira. Ukifika saizi ya chungwa kubwa tumbukiza kwenye soksi ndefu, sokota mdomo, ile soksi iliyobaki igeuze ifunike tena, sokota tena, geuza tena, mpaka soksi iishe ndo unashona kwa sindano. Juu yake sasa kamba. Nyie mlikuwa mnapiga na mifuko ya rambo humo katikati, sa hizi hamna tena, imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na sio mbaya, ile mifuko ilijaa mpaka ziwani. Kwaiyo tumia magamba makavu ya mgomba, yachane nyuzi nyuzi, loweka kidogo zisikatike, zikikauka zinabana zenyewe. Au kata tyubu ya baiskeli mikanda myembamba, hiyo haitelezi kabisa kwenye kitambaa. Na kile kitu cha kudundisha mlichokuwa mnaweka ndani, mlikokitoa mnajua wenyewe, mi nilijifanya sioni. We tumia puto.

Wa dukani nunua tu ukitaka, sikukatazi, lakini hapo kwenu uwanja wenyewe peving na ukuta na madirisha ya watu, mpira wa matambara hauvunji kioo wala haukimbilii barabarani, unafia hapo hapo. Na maji ukiingia unakuwa mzito kama jiwe, uanikeni juani.

Unakumbuka mwaka ule wa Kombe la Dunia la Ufaransa, 1998, kila mtoto hapa mtaani ni Ronaldo, mkapiga chandimu nyuma ya nyumba nami nimebandika mawese, mpira ukaingia sufuriani chubwi! Nilikuchapa. Afu jioni nakuona unaucheza vile vile umekuwa mwekundu, umelainika, na mashati ya wenzio yote yana madoa, mama zao wakaja kwangu mmoja mmoja. Leo nacheka ila siku ile mafuta ya wiki nzima yalienda.

Yule mjukuu wangu wa kike mfundishe rede, usimuweke golini kila siku kisa ni mdogo. Wawili wanarusha mpira huku na huku, yeye yuko katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, akiijaza kabla hajapigwa kashinda. Mpira wa soksi peke yake unatosha, hauumi. Mimi nilikuwa hodari wa kukwepa, kamuulize shangazi yako kama anabisha.

Kitu kimoja tu mwanangu, naona kwenye ile video ulonitumia umesimama katikati na filimbi, unapanga timu, unahesabu magoli. Toka hapo baba. Sisi tulikuwa tunakaa barazani tunachambua dagaa, mkigombana mnagombana, mwenye mpira anasusa anaondoka nao, mnaenda kumbembeleza mpaka anarudi, hapo mshajipangia sheria mpya. Na mpira wakae waushone wenyewe hata ukiwa kiazi, ukiwafumukia watauliza, ndo uwaonyeshe pa kukaza. Yule mkubwa ana miaka tisa, sindano anaiweza, we ulianza na saba na kidole kimoja ulijichoma mara nyingi tu.

Mzigo nimempa dereva wa basi leo asubuhi, boksi moja la dagaa na migebuka mikavu. Nimelifunga kwa kamba za mgomba, nyingi makusudi, usije ukazikata kwa kisu ukatupa. Zifungue taratibu uwape watoto.

Mama yako