Nilifunga Nzi Miaka 11 Kabla ya Kumwona Trauti Majini

Kwa miaka 11 nilikaa mbele ya jiliwa ndogo katika chumba kimoja Nairobi, nikifunga nzi bandia wa kuvulia samaki. Unaibana ndoana, unazungusha uzi, unaweka mkia, unaviringisha unyoya wa shingo ya jogoo, unapiga fundo na kutia tone la gundi. Dazeni moja, nyingine, nyingine tena, mpaka jioni. Watu wengi hawajui kwamba nzi wengi wanaouzwa madukani Ulaya na Marekani wamefungwa na mikono ya Wakenya, wengi wao akina mama. Mimi nilikuwa na uwezo wa kumfunga nzi anayeitwa Adams, wa ndoana namba 16, huku nikipiga gumzo na jirani yangu. Lakini trauti mwenyewe, samaki wa mito ya maji baridi anayevuliwa kwa nzi hao, sikuwa nimemwona hata siku moja, wala sikujua kwa nini mteja anataka mkia uwe wa urefu huu na si ule.

Sasa naishi Perth, Uskoti, karibu na mto Tay, na ninavua kila ninapopata nafasi. Ujumbe ninaopokea mara kwa mara ni huu: "Dada, nimeingia dukani nimekuta nzi mamia kwenye vijisanduku. Nichukue yupi?" Wengine wananiandikia kutoka Nyeri na Nanyuki, wengine wako huku Ulaya, wamealikwa mtoni na wenzao wa kazini. Swali hili nalipenda sana, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu.

Kwanza lazima ujue unamfuata samaki gani, kwa sababu trauti na salmoni ni ndugu lakini mambo yao majini ni mawili tofauti. Trauti anakula. Salmoni akishaingia mtoni kutoka baharini, hali tena. Nzi wa trauti anachaguliwa kwa kuangalia chakula, na nzi wa salmoni anachaguliwa kwa kuangalia maji. Ukilishika hilo, nusu ya visanduku vya dukani utavipita bila kuvigusa.

Nianze na trauti, maana ndiye aliyenifundisha.

Mzee mmoja wa Kiganjo, kule kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti, ndiye aliyenipeleka mto Thego kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimebeba nzi wangu mwenyewe, wale niliojivunia: mabawa yamesimama wima, manyoya yamejaa, kila mzunguko wa uzi mahali pake. Nilirusha tangu saa moja asubuhi mpaka saa sita. Hakuna aliyewagusa. Mzee alikuwa juu yangu kidogo, kwenye kona, na alikuwa ameshapata wawili kwa kitu cheusi kilichokaa kama funza aliyeota nywele. Anaitwa Kenya Bug, nzi wa huko huko kwetu.

Tulipoketi, alimpasua samaki mmoja, akalikata tumbo lake juu ya jiwe bapa na kulimwagia maji ya kiganja kimoja. "Haya mama, hesabu," akaniambia. Nikahesabu. Kulikuwa na tunutu weusi, yaani wadudu wachanga wa majini wasio na mabawa bado, zaidi ya 20, kila mmoja hazidi punje ya mchele, wenye mikia myembamba kama nywele. Kulikuwa na mabuu wachache wa kadisi, mdudu mwingine wa mtoni, wengine bado wamo ndani ya vijumba vyao vya changarawe. Na mende mmoja wa kijani, bila shaka alianguka kutoka majanini. Mdudu mwenye mabawa kama nzi wangu hakuwemo hata mmoja. "Wewe umemwekea chakula dari," mzee akasema, "na yeye anakula sakafuni."

Sikuwa nimelifikiria hilo kwa miaka yote ile. Wadudu hawa wa mtoni huishi muda mrefu chini ya maji wakiwa tunutu au mabuu, wamejificha chini ya mawe. Wakishapanda juu na kupata mabawa, wengi huishi siku moja au siku chache tu, wanataga, wanakufa. Kwa hiyo kwa saa nyingi za siku chakula cha trauti kiko chini. Nzi wa kuelea juu anapendeza kuliko wote, na kumwona samaki akipanda kumchukua ni furaha isiyo na mfano, lakini ana saa zake.

Ndiyo maana nikifika mtoni sifungui sanduku. Naingia maji ya magotini, nainua jiwe la ukubwa wa sahani na kuligeuza. Wanaokimbia kujificha ndio orodha yangu ya siku hiyo.

Jambo la kwanza kulinganisha ni ukubwa. Hapa wengi hupotea kwa sababu namba za ndoana zinakwenda kinyume: namba ikipanda, ndoana inapungua. Namba 10 ni kubwa, namba 18 ni ndogo kama chawa. Mweke nzi wako kando ya tunutu uliyemkuta kwenye jiwe. Kama nzi ni mkubwa kuliko mdudu, chukua mdogo zaidi, yaani namba ya juu. Nimewahi kukaa Tay jioni ya Juni, trauti wanapanda kila mahali mbele yangu, nikirusha Adams wa namba 14 na kukataliwa mara kwa mara. Wengine walipanda, wakamkaribia kabisa, wakarudi chini. Nilibadilisha ukubwa tu, Adams yule yule wa namba 18, na wa kwanza aliyepita alimchukua kama aliyekuwa akimsubiri.

Jambo la pili ni kina, na kwa maoni yangu ndilo linalowanyima watu samaki kuliko yote. Tunutu wa bandia lazima afike kwenye mawe. Siku hizi tunawafunga na kishanga cha tungsteni, chuma kizito, kichwani ili wazame haraka. Kwenye mito ya Mlima Kenya, ambako maji yanaporomoka kwa kasi kati ya majabali, usiogope kishanga kizito. Ukiwa hugusi chini hata mara moja katika mirusho kumi, bado uko juu mno. Ndiyo, utapoteza nzi kwenye mawe. Wapoteze.

Jambo la tatu ni umbo, na hapa nazungumza kama fundi. Nzi wa dukani mara nyingi hufungwa mnene, kwa sababu mnunuzi akiona manyoya mengi anadhani amepata mali. Zamani tulirudishiwa kazi nzuri kabisa na mnunuzi mmoja wa ng'ambo, eti nzi "wamekonda." Wadudu wenyewe wamekonda! Chukua mkasi mdogo uende nao mtoni. Mkate nzi manyoya ya chini ili tumbo lake likae kwenye uso wa maji badala ya kusimama juu yake kama mtu anayeogopa kulowa. Nimeshawabadilishia marafiki siku yao yote kwa kukata mara mbili tu.

Tunutu ninayempenda kuliko wote ni Pheasant Tail wa Frank Sawyer, aliyekuwa mtunza mto Avon kule Wiltshire, Uingereza. Sawyer hakutumia hata uzi. Alichukua waya mwembamba wa shaba na nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege anayeitwa fezanti, basi. Waya unafunga, unang'aa kidogo, na unampa nzi uzito wa kuzama, vitu vitatu kwa kitu kimoja. Nimefunga maelfu ya nzi wenye vifaa saba au vinane, na bado nikimtazama huyu namheshimu aliyembuni.

Rangi naiweka mwisho kabisa. Maji yakiwa safi, chagua rangi ya mdudu wa jiwe: kahawia, kijani cha zeituni, nyeusi. Maji yakiwa yamechafuka baada ya mvua, nyeusi ndiyo inayoonekana vizuri, kwa sababu samaki anaona kivuli chake.

Kwa aliye Nyeri, Nanyuki au Kirinyaga, sanduku langu lingekuwa hivi: Pheasant Tail na Hare's Ear wenye kishanga, namba 12 mpaka 16, Kenya Bug wa namba 10, Woolly Bugger mweusi na wa kijani kwa maziwa ya juu kama Rutundu na Alice, umvute polepole, na nzi wachache wa kuelea, Adams na Elk Hair Caddis. Ongeza mende mmoja mweusi wa povu, maana kingo za mito yetu zimejaa majani na wadudu wa nchi kavu huanguka majini. Huko kwetu hakuna majira ya baridi ya kuwafukuza wadudu, kwa hiyo tunutu wapo mwaka mzima, na kalenda yako ni mvua tu. Huku Uskoti ni tofauti. Msimu wa trauti wa kahawia unaanza Machi 15 na kufungwa Oktoba 6, na kila mdudu ana mwezi wake. Aprili, mchana, kwenye Tay hutoka mdudu anayeitwa March Brown. Hutoka kwa dakika kama 20, trauti wanachemka, kisha kimya. Ukiwa unakunywa chai umemkosa.

Jambo moja linanigusa kila ninapopita Loch Leven, ambalo si mbali na kwangu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta Kenya mayai ya trauti kutoka ziwa hilo, na samaki wakawekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wa kahawia wa huko kwetu wana asili yao hapa ninapoishi mimi sasa.

Haya, salmoni.

Salmoni anarudi katika mto aliozaliwa ili kutaga. Tumbo lake limesinyaa, hatafuti chakula. Kwa nini basi anamchukua nzi? Wengine husema ni hasira, wengine husema ni kumbukumbu ya uduvi na samaki wadogo aliokuwa akiwafukuza baharini. Mimi nimemwona akimfuata nzi mita tatu na kumpiga kwa ubavu, na nadhani yote mawili yamo.

Siku yangu ya kwanza ya salmoni nilikuja na sanduku lenye nzi 60. Msaidizi wa mto, wanamwita gili, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, hakulitazama. Alitumbukiza kipimajoto majini, akakaa nacho dakika nzima. Akaangalia jiwe moja pembeni aone maji yamefika wapi. Akachota maji kwa kiganja na kuyatazama dhidi ya mwanga. Ndipo akafungua sanduku lake. Lilikuwa na aina nne.

Hayo matatu, joto, kimo na rangi ya maji, ndiyo yanayochagua. Chini ya nyuzijoto 10 hivi, samaki amelala chini na ni mzito kusogea. Mpe nzi mkubwa, aliyefungwa juu ya kibomba cha shaba badala ya ndoana ya kawaida, na mshipi unaozama, aende taratibu. Maji yakipata joto kuzidi hapo, tumia mshipi unaoelea na nzi mdogo karibu na uso wa maji. Kiangazi, mto ukiwa umepungua, namba 12 au hata 14 si ndogo mno.

Maji yakiwa mengi na ya rangi ya chai ya rangi, namchagua nzi anayeitwa Willie Gunn, mwenye singa nyeusi, za manjano na za machungwa zilizochanganywa. Maji yakianza kushuka na kusafika, Cascade au Ally's Shrimp, wote wawili kazi ya Alastair Gowans. Maji membamba ya Julai, Silver Stoat mdogo, mweusi mwenye mwili wa fedha, asiye na mbwembwe. Na siku samaki wapo lakini wamegoma, Sunray Shadow, bawa refu jeusi linalovutwa kwa kasi juu ya maji. Huyo alibuniwa na Raymond Brooks kwa ajili ya mito ya Norwei, na zamani bawa lake lilikuwa singa za mbega wetu. Siku hizi tunatumia singa za mbuzi.

Karne ya 19 watu walimfunga nzi wa salmoni anayeitwa Jock Scott kwa manyoya ya ndege wa mabara kadhaa, kazi ya saa nyingi kwa nzi mmoja. Nimemfunga, na ni mzuri wa kutundika ukutani. Mtoni nenda na singa.

Ukija Uskoti, kumbuka salmoni havuliwi Jumapili, na kabla ya Aprili mosi kila utakayempata ni wa kurudishwa. Bana kwa koleo ile ncha ya nyuma ya ndoana kabla hujaanza, ili umwachie samaki bila kumchana. Salmoni wamepungua sana, na yule wa kwanza niliyempata, Julai, kwa Silver Stoat wa namba 12, nilimshika kwa mikono miwili akitazama mkondo mpaka nikasikia mkia wake unaamka. Alitoka viganjani mwangu bila haraka.

Kwa hiyo ukiniandikia tena, usinitumie picha ya kaunta ya duka. Kwa trauti, geuza jiwe, piga picha ya wadudu ukiwa umeweka sarafu kando yao nione ukubwa. Kwa salmoni, niambie joto la maji, na kama unaviona vidole vyako vya miguu ukisimama magotini. Nitakujibu usiku huo huo, na kama nzi huyo huna, nitakuelekeza namna ya kumfunga.